Kitenge cha Mshindi

Iko nchi moja inaitwa Jamhuri ya Pongezi. Ukiitafuta kwenye ramani hutaiona, si kwa sababu ni ndogo, bali kwa sababu wachora ramani walipokwenda kuipima walikuta sherehe, wakakaribishwa meza kuu, wakasahau kilichowapeleka. Wala usije ukasema inafanana na nchi unayoijua. Haifanani hata kidogo. Huko kwenu mtu hufanya kazi kwanza, ndipo akapongezwa. Wapongezi waliona mbali zaidi. Walisema mtu akitangulia kufanya kazi anaweza kuiharibu, na pongezi yake ikakosa pa kukaa. Kwa hiyo wao huitanguliza pongezi. Madaraja mengi ya nchi hiyo yamepongezwa vizuri sana, na kwa kuwa yameshapongezwa, hakuna aliyeona haja ya kuyajenga.

Desturi hii inalindwa na sheria mbili, nazo kila mtoto huko anazijua kabla hajajua kujifunga kamba za viatu. Ya kwanza, pongezi ikishatoka hairudi. Kuirudisha ni kuimezesha serikali maneno yake yenyewe. Ya pili, mtu aliyepongezwa hadharani akisimama, bendi ya matarumbeta humpigia mpaka aketi. Hiyo ndiyo heshima yake. Kuna mkuu wa mkoa aliwahi kusimama kwa sababu mguu umemfa ganzi, akapigiwa matarumbeta hadi wageni wakatoka kucheza, na mkutano wa kipindupindu ukaishia hapo kwa furaha.

Katika nchi hiyo alikuwepo mwalimu mstaafu, Leokadia Sanga, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kufika mpaka dawati la mwisho. Hakuwahi kupongezwa maishani mwake. Sababu sijui, ila nasikia alikuwa na tabia ya kufanya kazi. Alichokuwa nacho ni neno lake, na neno hilo lilijulikana wilaya nzima kwa kisa kimoja.

Zamani, alipokuwa akifundisha darasa la saba, mvulana mmoja aitwaye Yusto Kilemile alituhumiwa kuibia mtihani. Ushahidi ulikuwa mzito: mvulana alipata alama za juu kuliko wote, na viatu vyake vilikuwa vimepasuka mbele vidole vinachungulia. Mkaguzi akatoa kalamu amfutie matokeo. Mwalimu Leokadia akasimama, akasema, "Mtoto huyu hakuangalia pembeni hata mara moja. Mimi nilikuwepo." Basi. Hakuongeza lingine. Mkaguzi akamtazama, akaona macho yasiyopepesa, akarudisha kalamu mfukoni. Tangu hapo watu wakibishana sokoni, mmoja akataka kumaliza maneno, husema, "Muulizeni Mwalimu Leokadia, kama alikuwepo."

*

Yusto alisoma, akasoma tena, akawa Dakta Yusto Kilemile, Mkurugenzi Mkuu wa Mashindano ya Vichwa vya Taifa. Haya ni mashindano ya watoto wa shule za msingi, ambapo mshindi hupata nafasi katika Shule ya Vipaji ya Taifa. Nafasi ni moja. Awali zilikuwa nyingi, lakini ilionekana zinawachanganya wapongezaji.

Siku moja Dakta Yusto akateremka kwenye gari refu mbele ya nyumba ya mwalimu wake, mkononi ana mfuko wa sukari.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Yusto. Umenenepa."

"Ni majukumu, Mwalimu."

Akakaa kwenye kigoda kilichomlilia chini yake, akanywa chai, akasifia chai, akasifia ukuta. Kisha akasema alilolijia. "Nimekuja kukuomba ujitolee. Uwe Msimamizi Mkuu wa fainali. Utakaa jukwaani na watoto, utagonga kengele, utainua vibao vyao ili ukumbi uone majibu."

"Kwani wasimamizi mmeishiwa?"

"Hatujaishiwa. Ila mwaka jana watu waliguna."

"Waliguna nini?"

"Waliguna tu. Si unawajua watu, Mwalimu." Akaweka kikombe chini, sauti ikashuka. "Bila wewe mimi leo ningekuwa wapi? Mtu mmoja alikuwepo siku ile, nami nikapona. Nataka watoto wa leo nao wapate mtu wa kuwepo."

Mwalimu Leokadia akasema anaingia ndani kuchukua kijiko, ingawa kijiko kilikuwa palepale mezani. Huko ndani akajifuta macho kwa pindo la kanga. Amefundisha watoto wengi, na wengi wakimwona barabarani hupandisha vioo vya magari. Huyu mmoja alikumbuka. Alirudi bila kijiko, akasema atajitolea.

*

Kujitolea huko Pongezi si jambo la kukurupuka. Mwalimu aliomba, akasailiwa na jopo lililomuuliza anajiona wapi katika kujitolea miaka mitano ijayo, akala kiapo, kisha akapelekwa Semina Elekezi ya Wasimamizi wa Kujitolea. Mkufunzi alikuwa kijana mwenye suti inayong'aa magotini. Asubuhi nzima alifundisha makofi: makofi ya kilo, makofi ya mvua, na makofi ya heshima, ambayo hupigwa viganja vikiwa vimeelekezwa kwa mgeni rasmi ili upepo wake umfikie. Baada ya chai alifundisha namna ya kutabasamu wakati hotuba haijaisha. Kuhusu usimamizi wenyewe alisema sentensi moja: "Msimamizi asimamie." Akauliza kama kuna swali.

Mwalimu Leokadia akanyoosha mkono. "Mtoto akiibia, tunafanyaje?"

"Swali zuri sana. Tumpigie makofi mama yetu."

Yakapigwa ya mvua.

"Na mtoto akiibiwa?"

Mkufunzi akafikiri, akatazama saa, akasema hilo liko nje ya upeo wa semina.

*

Siku ya fainali Mwalimu alifika Ukumbi wa Shangwe mapema, akakuta kikundi cha akina mama wa ngoma kimeshafika, wote wamevaa magauni ya kitenge kipya. Kitenge kilikuwa cha kijani, na katikati pamechapwa uso wa mvulana mnene mwenye tabasamu la aibu, umezungukwa na maandishi HONGERA KICHWA CHA TAIFA. Uso ulikuwa kifuani, uso ulikuwa mgongoni, na kwa waliojaliwa, mvulana alitabasamu kwa upana zaidi pande za nyuma.

"Huyu ni mshindi wa mwaka jana?" Mwalimu alimuuliza mmoja wao.

"Sijui, mama. Tumegawiwa."

Mlangoni kila mzazi alifungwa kipande cha kitenge hichohicho ndipo aruhusiwe kuingia. Mama mmoja aliyekuja na binti yake kwa lori la mchanga alifungiwa kiunoni, akashukuru, maana gauni lake lilikuwa limechanika njiani.

Nyuma ya pazia Mwalimu akawakuta washindani, watoto sita. Mmoja alikuwa na tai ya kipepeo na uso anaoujua. Alikuwa akiwagawia wenzake biskuti.

"Unaitwa nani, mwanangu?"

"Jeideni. Shikamoo. Mwalimu, kutakuwa na maswali ya kuku? Mimi kuku nawajua sana. Nyumbani ninao, nimewapa majina."

Mwalimu akamtafuta Dakta Yusto, akamshika mkono wa koti. "Yusto, mtoto aliye kwenye kitenge ndiye yule aliye nyuma ya pazia. Alishinda mwaka jana?"

"Hapana, Mwalimu. Mwaka jana alishinda dada yake."

"Ni watoto wa nani?"

"Wa Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Pongezi. Ndiye mgeni rasmi wetu leo." Alipoona macho ya mwalimu wake yamemtoka, akacheka kidogo. "Hiyo ni hamasa tu, Mwalimu! Kila mtoto ana kitenge chake. Vya wengine vimechelewa bandarini."

Mwalimu Leokadia alimwamini. Sisi tuliokaa kando tunaweza kumcheka, lakini yeye alikuwa akimtazama mvulana wa viatu vilivyopasuka, na mvulana yule hakuwahi kumdanganya.

Aliporudi kwa watoto, binti mmoja alikuwa amesimama kwenye upenyo wa pazia akitazama ukumbi. Alikuwa Nyamizi, wa Shule ya Msingi Mbugani, shule ambayo madawati yake yamepongezwa lakini bado hayajafika. Alivaa sketi iliyoteremshwa pindo mara mbili. Alikuwa mtoto wa yule mama wa lori la mchanga.

"Mwalimu," alisema, "kama mshindi ameshachapwa kwenye kitambaa, sisi wengine tumekuja kufanya nini?"

Watoto wote wakageuka. Hata Jeideni akaacha kutafuna.

"Kitambaa ni kitambaa," alisema Mwalimu Leokadia. "Hapa ni kichwa kwa kichwa. Nisikilizeni vizuri. Mimi nitakuwepo. Nikiwepo mimi, hakuna mtoto atakayeibiwa hata nusu alama."

Nyamizi alimtazama kwa muda, kama anayekagua embe kama limeiva. "Kumbe wewe ndiye yule Mwalimu Leokadia. Mama anakutajaga."

"Ndiye mimi."

Nyamizi akapumua, akaenda kukaa kwenye kiti chake.

*

Mheshimiwa Waziri aliingia, akapongezwa kwa kuingia. Alisimama kuhutubia, bendi ikampigia, na kwa kuwa sheria ni sheria, alihutubia akiwa ameketi. Alisema taifa bila vichwa ni sawa na taifa lisilo na vichwa. Yakapigwa ya kilo. Alisema yeye mwenyewe utotoni alikuwa na kichwa. Yakapigwa ya heshima mpaka karatasi zake zikapeperuka.

Ndipo kengele ikagongwa.

Swali la kwanza lilitaka watoto waandike vyeo vyote vya Mheshimiwa Waziri kwa mfuatano. Wote walijitahidi, isipokuwa Jeideni, aliyeandika "Baba". Majaji walinong'onezana, wakampa alama kwa sababu hakukosea.

Swali la pili lilikuwa la kweli. Nusu ya robo tatu ni ngapi? Watoto wakainama. Nyamizi akang'ata ncha ya ulimi, akafunga macho, akaandika mara moja tu. Mwalimu akagonga kengele, akapita na kuinua vibao kimoja kimoja juu ya kichwa chake ili ukumbi wote uone. Kibao cha Nyamizi kilisema tatu ya nane. Kilichofuata kilikuwa cha Jeideni, aliyekaa jirani yake. Hakikuwa na hesabu. Kilikuwa na jogoo, mzuri kweli, ana kilemba na makucha, amesimama mguu mmoja.

Majaji wakampa nusu alama. Mmoja wao alieleza kwamba jogoo alikuwa amesimama imara.

Wakaendelea. Mito, miezi, mizizi ya mimea, sehemu za sentensi. Kila swali Nyamizi aling'ata ulimi, na kila swali Mwalimu aliinua kibao chake ukumbi ukanguruma. Kwa Jeideni, jogoo alipata tetea, tetea akapata vifaranga, na nusu nusu zikazidi kuingia. Lakini hata kwa ufugaji wa kasi ile asingeweza kumfikia. Akina mama wa kitenge walisahau nyuso walizozivaa, wakampigia Nyamizi vigelegele. Swali la mwisho lilipokwisha, ukumbi mzima ulikuwa umeshahesabu wenyewe kwa sauti, na mama yule wa lori alikuwa amepanda juu ya kiti, kitenge kinamning'inia kiunoni, analia huku anacheka.

Mwalimu Leokadia alijisikia mwepesi mwili mzima. Alitamani hata mkaguzi yule wa zamani angekuwa hai aone.

*

Dakta Yusto alimwita nyuma ya pazia. Jasho lilikuwa limemlowesha kola.

"Mwalimu, kuna tatizo dogo. Yule binti ameshinda."

"Hilo ndilo tatizo?"

"Pongezi imeshatoka, Mwalimu. Kitenge kimeshavaliwa. Mheshimiwa Rais ameshatuma salamu. Kuna barabara imeshapewa jina la Jeideni."

"Barabara gani?"

"Haijajengwa. Lakini jina inalo."

"Futeni."

"Kitenge hakifutiki! Na sheria unaijua. Pongezi ikishatoka hairudi." Alimshika mikono yote miwili kama siku ile ya utoto matokeo yake yaliponusurika kufutwa. "Nakuomba neno moja tu. Panda jukwaani useme ulimwona binti akiangalia pembeni. Mimi nikisema, wataguna. Majaji wakisema, wataguna. Wewe hawakugunii."

Hapo ndipo Mwalimu Leokadia alipoelewa sukari ilikuwa ya nini, na chai kusifiwa, na ukuta kusifiwa. Hakuitwa awe macho ya watoto. Aliitwa awe mfuniko wa chungu. Iliuma, na nisidanganye kwa kusema ilimuuma kidogo. Iliuma kwa sababu mtu aliyejua thamani ya neno lile kuliko binadamu mwingine yeyote ndiye aliyekuja kuliazima ili alichafue.

"Yusto," alisema, "pembeni ya Nyamizi alikaa nani?"

"Jeideni."

"Na kwenye kibao cha Jeideni palikuwa na nini?"

Dakta Yusto akatazama viatu vyake. Vilikuwa vizima safari hii, vinang'aa. "Jogoo," alisema.

"Kwa hiyo Nyamizi aliangalia jogoo akapata tatu ya nane?"

"Watu hawataingia ndani kiasi hicho, Mwalimu."

"Sisemi. Hata mkinikata ulimi, sisemi."

Dakta Yusto akamwachia mikono taratibu, akainamisha kichwa. "Nimeelewa, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba," alijibu, kwa mazoea tu, akarudi kwenye kiti chake jukwaani. Alidhani amemshinda. Alidhani hata amemrudi, kama zamani, kwa maneno machache bila fimbo.

*

Dakta Yusto akashika kipaza sauti.

"Mheshimiwa mgeni rasmi, itifaki imezingatiwa. Kabla ya matokeo, naomba nimpongeze mtu mmoja. Asingekuwepo yeye, nisingekuwepo mimi. Nampongeza Mwalimu wangu, Mwalimu Leokadia Sanga, Msimamizi wa Kujitolea, mama wa ukweli!"

Ukumbi ukapasuka. Makofi hayo hayakuwa ya semina. Watu walipiga kwa moyo, maana walimpenda. Mabinti wawili wakaja mbio wakamfunika Mwalimu mabegani kwa kitenge, uso wa Jeideni ukamkaa kifuani. Hivyo ndivyo alivyopongezwa kwa mara ya kwanza maishani mwake, akavishwa kilemba cha ukoka mbele ya umati, na hakuwahi hata kufungua mdomo akatae.

"Mwalimu huyu hasemi uongo," aliendelea Dakta Yusto, na sauti yake ilitetemeka vizuri sana. "Mimi ni shahidi wa hilo. Na leo, kwa uchungu mkubwa, ametueleza kwamba mtahiniwa wa Shule ya Mbugani aliangalia pembeni. Mimi sikuona. Majaji hawakuona. Nyinyi nyote hamkuona. Lakini yeye alikuwepo."

Mguno ulianza upande wa kushoto wa ukumbi, mguno mzito wa watu waliohesabu alama kwa midomo yao wenyewe. Ukapanda mpaka kooni, ukafia hapo. Mwalimu aliweza kuwaona wakitazamana, na aliweza kusoma midomo yao hata bila kusikia. Kama Mwalimu Leokadia amesema, basi.

Alisimama. "Ni uongo! Mimi sijase..."

Bendi ikapiga.

Ilikuwa bendi ya watu wenye mashavu ya kazi. Sauti ya Mwalimu iliyofika dawati la mwisho miaka yote ile haikufika hata safu ya kwanza. Akaketi, bendi ikakata. Kabla hajavuta pumzi, Dakta Yusto alikuwa ameshika tena maneno. "Mnaona anavyoumia! Ni kama mzazi!" Akasimama tena. Bendi ikapiga tena, wimbo mwingine, wa haraka zaidi, na akina mama wa ngoma wakaona ni zamu yao. Akajaribu kusema akiwa ameketi, lakini kipaza sauti kilikuwa mbali na waliokuwa karibu naye walikuwa wakimpigia makofi ya heshima, viganja vyote kuelekea kwake, hata maneno yakarudishwa na upepo. Mara ya tatu aliposimama, kiongozi wa bendi, mzee wa makamo mwenye tarumbeta iliyobonyea, alimtazama kwa unyenyekevu kabisa, akampigia kwa nguvu zake zote. Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa anamheshimu.

Kwenye safu za nyuma, mama wa Nyamizi alishuka polepole kutoka juu ya kiti.

*

Jeideni akaitwa kupokea tuzo, akaketishwa kwenye kiti cha mshindi. Alipewa kipaza sauti ashukuru, na hapo yule mtoto akafanya jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba.

"Mimi sikujua majibu," alisema. "Mimi nilichora kuku. Nyamizi ndiye aliyejua. Na hakuniangalia mimi. Mimi ndiye niliyemwangalia yeye, lakini sikuelewa alichoandika."

Kwa kitambo kifupi Mwalimu Leokadia alishika kiti kwa mikono miwili. Ukweli ulikuwa umesemwa, kwa kipaza sauti cha serikali, na yule aliyepewa ushindi kwa uongo ndiye aliyeusema. Hakuna bendi iliyopiga, maana mtoto alikuwa ameketi. Hapo ndipo Mheshimiwa Waziri alipotoa leso, akajifuta macho.

"Mnasikia unyenyekevu huo?" alisema. "Mtoto ameshinda nchi nzima, bado anamtanguliza mwenzake! Hii haifundishwi. Hii ni damu."

Makofi ya kilo, ya mvua na ya heshima yakachanganyika. Palepale ikaundwa Tuzo ya Taifa ya Unyenyekevu, akapewa Jeideni. Alijaribu kuikataa, na kwa kuikataa akaongezewa cheti. Mwishowe alishuka jukwaani akiwa amebeba vitu asivyoweza kuvishika, akimtafuta Nyamizi ampe biskuti iliyobaki, lakini walinzi walimwelekeza upande wa picha.

*

Sherehe za Pongezi humalizika kwa mkono wa heri. Washindani, walioshinda na walioshindwa, hupita mbele ya meza kuu na kumpongeza kila aliyepongezwa siku hiyo. Asiyefanya hivyo shule yake huandikwa kuwa haina nidhamu. Wakapita mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho alikuwa Nyamizi.

Hakuwa analia. Mwalimu alitamani angekuwa analia, maana mtoto anayelia bado anamwomba mtu kitu. Alimpa mkono Waziri. Alimpa mkono Dakta Yusto, ambaye ghafla alipata jambo la kutazama darini. Kisha akafika kwa Mwalimu Leokadia, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa na mama yake, akanyoosha mkono.

"Hongera, Mwalimu."

Mwalimu alitaka kusimama amkumbatie. Akaona kwa pembe ya jicho kiongozi wa bendi akiinua tarumbeta. Basi hakusimama. Aliteremka kutoka kwenye kiti, akapiga magoti yote mawili kwenye mbao za jukwaa, mwalimu mbele ya mwanafunzi, kitenge kikamwanguka mabegani. Mpiga tarumbeta akabaki mdomo wazi. Sheria ilisema kusimama. Kuhusu kupiga magoti haikusema lolote. Kwa mara ya kwanza siku hiyo palikuwa na ukimya, mdogo, wa kutosha watu wawili.

"Mwanangu," alisema kwa haraka, akiushika mkono ule mdogo kwa mikono yake yote miwili, "sikusema mimi. Nakuapia kwa Mungu wangu, sikusema neno hilo. Walinisingizia. Unanisikia? Sikusema."

Nyamizi alimsikiliza mpaka mwisho. Alimtazama kama alivyomtazama asubuhi nyuma ya pazia, akikagua. Mwalimu aliona kwamba ameamini, na kwamba kuamini kwake hakukubadilisha kitu.

"Najua hukusema, Mwalimu," alisema. "Lakini ulikuwepo."

Akatoa mkono wake polepole ili asimuumize, akashuka ngazi, akaenda kwa mama yake, aliyekuwa akihangaika kufungua fundo la kitenge kiunoni. Lilikuwa limekaza. Ikabidi waondoke nacho.